Ubao wa Meko na Mlio wa Brian May

Katika "We Will Rock You" kuna vishindo vya miguu, kuna makofi, kuna sauti ya Freddie Mercury, na kwa muda mrefu hakuna kingine. Wengi wanaouimba wimbo huo viwanjani hawakumbuki kwamba una gitaa. Gitaa linaingia wimbo ukikaribia kwisha: noti moja inavuma chini ya waimbaji, inakua, inasogea mbele, mara imeshika uwanja mzima, na wimbo unakatika gitaa likiwa bado linatamba. Wimbo ulitoka mwaka 1977 katika albamu ya News of the World ya kundi la Queen, na aliyeutunga ni mpiga gitaa mwenyewe, Brian May. Ni wachache wanaotunga wimbo kisha wakajizuia namna hiyo mpaka zamu yao ifike.

Mlio ule nimeusikiliza kwa miaka mingi na bado haujanichosha. Ni mnene lakini haukoromi. Una mkwaruzo, na ndani ya mkwaruzo huo noti inabaki wazi, unaweza kuifuata kwa mdomo ukaiimba. Wapenzi wa gitaa wameubishania kwa takriban miaka hamsini. Watakuuliza ni amplifaya gani, pikapu zipi, yaani vinasa mtetemo wa nyuzi, zilikuwa zimewashwa, sarafu aliyopigia ilishikwa kwa pembe ipi. Ubishi huo naupenda kwa dhati. Ila naona mara nyingi tunaupima mlio ukiwa peke yake, ilhali sifa yake kubwa hujitokeza ukiwa na wenzake. Mlio wa May unaweza kurekodiwa juu ya mlio mwingine wa May, mara tatu, mara sita, mara kumi, na kila mmoja ukabaki na mahali pake. Milio mingi mikubwa ya roki ya miaka ya 70, ukiirundika hivyo, inamezana. Huu haumezani, na sababu zake zinaonekana kwa macho, moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye mbao.

Agosti 1963, huko Feltham, magharibi mwa London, kijana wa miaka 16 na baba yake walianza kuchonga gitaa la umeme. Fender na Gibson zilikuwapo madukani, lakini bei yake ilikuwa nje kabisa ya uwezo wa nyumba ile. Baba, Harold May, alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi katika wizara ya usafiri wa anga, mtu wa vipimo na wa vifaa vya umeme. Walifanya kazi jioni na siku za mapumziko kwa takriban miaka miwili, na vifaa vyote viliwagharimu pauni kama 8 tu.

Shingo walichonga kutokana na rafu ya meko ya kuotea moto, ubao wa mahogani wenye umri wa zaidi ya miaka mia, ulioliwa na bungua. Matundu waliyaziba kwa njiti za kiberiti. Kiini cha kiwiliwili kilitoka kwenye mwaloni wa meza kuukuu, kikazungushiwa blokbodi, kisha chote kikavikwa mahogani nyembamba. Alama za nukta kwenye ubao wa vidole ni vifungo vya chaza kutoka kwenye kikapu cha mama cha kushonea. Watu husimulia habari hizi kama hadithi ya umaskini ulioshindwa, na mimi sina ugomvi nao, lakini nadhani tunawapunja mafundi wale tukiishia hapo. Hawakuokota ovyo. Mahogani iliyokauka kwa karne nzima haipindi tena, na shingo waliyoichonga ni nene kuliko shingo za kiwandani, kwa hiyo haiyumbi mkono unapoikamata kwa nguvu. Ndani ya kiwiliwili waliacha nafasi tupu kwa makusudi. Brian alikuwa amemsikia mpiga gitaa Jeff Beck akilifanya gitaa lake lijibizane na spika, na alitaka lake liweze kulia lenyewe kwa nguvu ya hewa inayotoka kwenye amplifaya. Wengine wanaweka juhudi ya kuzuia gitaa lisipige yowe. Hawa walilijengea njia ya kupigia yowe, kisha wakalifundisha adabu.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ambayo msikilizaji haioni: kitetemeshi, ule mkono wa chuma unaolegeza nyuzi zote kwa pamoja ili noti ishuke na kupanda. Katika magitaa mengi ya wakati ule ukiusukuma mkono huo nyuzi hazirudi sawasawa zilipokuwa, na gitaa linaanza kutoka nje ya sauti kabla wimbo haujafika nusu. Kina May walikiweka kitetemeshi chao juu ya ukingo wa chuma kigumu uliochongwa mkali, ili kikiyumba kisisuguane na chochote. Mvuto wa nyuzi waliupinga kwa springi mbili za vali zilizotoka kwenye pikipiki aina ya Panther ya mwaka 1928. Pale nyuzi zinapopita kwenye daraja waliweka roli ndogo ndogo, kila uzi na roli yake, nazo zinazunguka uzi unapotembea. Mkono wenyewe ulikuwa chuma cha kushikilia mkoba wa baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia ya mama. Kila mahali ambapo uzi ungeweza kukwama walipaondoa.

Hili lina uzito kuliko linavyosikika. Anayetaka kurekodi gitaa moja juu ya lingine anahitaji, kabla ya ladha na kabla ya hisia, kitu kimoja tu: nyuzi zikae sawa. Magitaa mawili yaliyopishana kwa nywele yanaweza kuvumilika, hata yakapendeza. Matano yaliyopishana ni uchafu. Roli zile na ukingo ule ndio msingi wa kila kilichofuata, na vilichongwa kwa tupa na vijana wawili wa moyo, mmoja akiwa na miaka arobaini na ushei.

Pikapu za kwanza Brian alizitengeneza mwenyewe, na zilimshinda. Sumaku zake zilipangwa kwa namna ambayo uzi ukivutwa pembeni, kama wafanyavyo wapiga solo, sauti ilibadilika vibaya njiani. Alinunua tatu za Burns, aina ya Tri-Sonic, akazijaza gundi ya Araldite ili zisipige mluzi. Kisha akaziunganisha kwa njia isiyo ya kawaida. Katika gitaa la Stratocaster pikapu husimama sambamba, kila moja na njia yake ya kutoka. Kwa May zimefuatana kwenye njia moja, hivyo ukiwasha mbili nguvu zake hujumlishwa. Kila pikapu ina swichi yake ya kuwasha na kuzima, na swichi ya pili inayogeuza mwelekeo wa mawimbi. Pikapu mbili zikielekea upande mmoja, mlio unajaa. Ukigeuza moja, mawimbi yanapishana, sehemu ya chini inafutika, na kinachobaki ni chembamba, cha puani, kikali. Swichi sita ndogo katika mstari, na gitaa moja linakuwa na koo nyingi. Unapoyarundika magitaa kumi, si lazima yawe na rangi moja. Moja linaweza kuwa na kifua, lingine likawa la puani, na sikio likayatenga.

Harold aliyepiga tupa na patasi hakufurahi hata kidogo mwanawe alipoacha utafiti wa shahada ya uzamivu katika fizikia ya anga pale Imperial College ili afuate bendi. Ilichukua miaka kabla moyo wake haujalainika. Brian alimpandisha ndege ya Concorde hadi New York akamwone akipiga Madison Square Garden. Utafiti wenyewe, kuhusu vumbi lililotanda kati ya sayari, aliurudia baadaye na kuumaliza mwaka 2007. Nautaja kwa sababu wapo wanaomwona May kama mwanasayansi aliyetokea kupiga gitaa. Mimi namwona kama mtoto wa Harold katika kazi zote mbili.

Sasa amplifaya. Kijana yeyote wa Uingereza aliyeshika gitaa mwanzoni mwa miaka ya 60 alimtazama Hank Marvin wa The Shadows, ambao wimbo wao wa ala tupu, "Apache", ulivuma mwaka 1960. Nyuma ya Shadows zilisimama amplifaya za Vox AC30, kazi ya Dick Denney katika kampuni ya Jennings huko Dartford, Kent: vali nne za EL84, spika mbili za inchi 12, nguvu ya wati 30 hivi. Kwa Marvin zilitoa sauti safi inayometameta. May alimpenda Marvin kwa uimbaji wa noti zake, na ukimsikiliza vizuri hata katika nyimbo zake nzito zaidi utamsikia mwalimu huyo: noti haikimbizwi, inapewa nafasi itamkwe. Lakini jinsi ya kuitumia AC30 alijifunza kwa mtu mwingine.

Rory Gallagher, kijana wa Cork huko Ireland, alikuwa akipiga na kundi lake la Taste katika klabu ya Marquee jijini London. May alikwenda kumsikiliza, na onyesho lilipokwisha yeye na rafiki yake hawakutoka. Walibaki humo mpaka watu wakapungua, wakamfuata wakamwuliza mlio ule anaupataje. Gallagher angeweza kujibu lolote. Aliwaeleza bila kuficha kitu: hii amplifaya ya AC30, na hiki kisanduku kidogo, Rangemaster. May alikwenda akavitafuta vyote viwili, akaunganisha gitaa lake la meko, na ule mlio aliokuwa akiusikia kichwani ukatoka. Ameisimulia habari hii mara nyingi kwa shukrani iliyo wazi. Katika ulimwengu wa mafundi wanaoficha mbinu zao mpaka kaburini, mimi huo ukarimu wa dakika chache nauhesabu katika historia ya muziki.

Rangemaster ni kifaa cha aibu ukikifungua: transista moja ya jerimani na vipande vichache vya kuizunguka. Ni busta, lakini haiongezi kila kitu. AC30 ikifunguliwa sauti yote, noti za chini huvimba na kuzifunika za juu, na mtu anayepiga kodi nzima anapata mngurumo. Kisanduku kile hupunguza besi na kuzisukuma sauti za kati na za juu kabla hazijafika kwenye amplifaya. Kwa hiyo vali zinapozidiwa, zinazidiwa na kile kilicho wazi tayari. Mkwaruzo unaotokea ni mlaini, uko katikati ya masafa, pale ambapo sauti ya binadamu nayo hukaa. Baadaye fundi Pete Cornish alimtengenezea May busta za kwake, lakini wazo halikubadilika. Hapo ndipo ilipo siri ya kurundika: kila tabaka limenyolewa mafuta ya chini kabla ya kupikwa, ndiyo maana kumi yanatoshea kwenye chungu kimoja.

Na jambo moja zaidi kuhusu AC30 zake: hazishikwi. Sauti imefunguliwa hadi mwisho, inabaki hapo usiku mzima. Kazi ya kuchagua ukali iko kwenye nobu ya sauti ya gitaa. May akiipunguza, vali zinapumua na gitaa linalia safi, karibu na gitaa kavu. Akiifungua polepole, mkwaruzo unaingia kwa vipimo, kidogo, kidogo zaidi, mpaka linaimba. Anayezoea kukanyaga pedali ili ahame kutoka safi kwenda chafu atashangaa kusikia kwamba kati ya hivyo viwili kuna ngazi ndefu, na kwamba sehemu kubwa ya uzuri wa May iko katikati ya ngazi.

Mkono wa kulia unashika sarafu. Wapiga gitaa wengi hutumia kipande cha plastiki. Wapiga udi wa Unguja wana risha yao. May ana peni sita, sumni ya Kiingereza ya kizamani. Anasema plastiki inajipinda na kumnyima habari ya kinachotokea kwenye uzi. Sarafu haijipindi, kwa hiyo anaishika kwa wepesi sana na vidole ndivyo vinavyolegea. Ukingo wake una meno. Akiuinamisha kidogo, meno hayo yanakwaruza uzi kabla ya kuuachia, na noti inaanza na konsonanti, "kh" ndogo, kabla vokali haijafunguka. Akiulaza, noti inaanza kwa ulaini. Peni sita ziliondolewa kwenye matumizi mwaka 1980, na kwa ziara yake ya mwaka 1993 kiwanda cha sarafu cha Uingereza kilimtengenezea za kwake. Wanaobisha kwamba sarafu ni mbwembwe wasikilize mwanzo wa noti zake, si katikati. Katikati ni amplifaya. Mwanzo ni sumni.

Kuna msemo unaopendwa sana wapenzi wa gitaa wanapochoka kubishana: kwamba sauti iko vidoleni, vifaa ni porojo. Nauheshimu kwa sababu unawakinga vijana wasitumbukize mishahara yao kwenye maduka. Lakini si kweli, au ni nusu ya ukweli, na May mwenyewe ametuachia ushahidi. Mwaka 1979, Queen walipokuwa wakirekodi "Crazy Little Thing Called Love" jijini Munich, mtayarishaji Mack alimshawishi aliweke chini gitaa lake na apige solo kwa Fender ya mpiga ngoma wao, Roger Taylor. Alisita, kisha akakubali. Solo ni nzuri, ina uchangamfu wa roki ya miaka ya 50, inafaa wimbo. Na haifanani naye. Vidole ni vilevile, mtu ni yuleyule, na bado ningemkosa kama nisingeambiwa. Katika kazi hii mkono na chombo vilikua pamoja, miaka miwili kwenye meza moja ya fundi, na kuvitenganisha ni kumsifu nusu mtu.

Tuliolelewa na muziki wa dansi tumezoea kuwasikia wapiga gitaa watatu wakizungumza: solo anaongoza, wa pili anamjibu, wa rithimu anashikilia mazungumzo yasivunjike. May alitamani mazungumzo ya aina hiyo, lakini Queen ilikuwa na mpiga gitaa mmoja. Utotoni alikuwa amevutiwa na sauti zilizopangwa za Everly Brothers na Crickets wa Buddy Holly, na akatafuta namna ya kufanya gitaa liimbe kwa sauti tatu. Njia ya kwanza aliitafuta kwenye jukwaa. Alichukua mashine ya mwangwi ya tepu, Echoplex, akairefushia njia ya tepu ili mwangwi uchelewe kuliko kiwanda kilivyokusudia. Anapiga kifungu, mwangwi unarudi baada ya muda mrefu, umetulia, sawa na alivyokipiga, juu yake anapiga kifungu kingine kinachopatana nacho, kisha cha tatu. Kila mwangwi una amplifaya zake, mmoja kushoto, mwingine kulia, yeye katikati. Ndiyo ile solo ndefu ya "Brighton Rock" ya mwaka 1974. Hapo hakuna pa kujificha. Ukikosea noti, kosa linarudi mara mbili mbele ya watu wote, na lazima upige kitu kinachopatana nalo.

Njia ya pili ilikuwa studio, na hapa ndipo kisanduku kingine kidogo kinaingia, kwa maoni yangu kifaa cha ajabu kuliko vyote katika habari hii. Mpiga besi wa Queen, John Deacon, alikuwa msomi wa umeme, mtu mkimya. Siku moja mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa akipita mtaani London akaona nyaya zikining'inia kwenye pipa kubwa la takataka. Akavuta, ukaja ubao wa saketi wenye transista za jerimani. Aliuchukua nyumbani, akautia ndani ya kasha la spika ya rafuni, akaufunga betri kubwa ya volti 9. Hakuweka nobu yoyote: ukichomeka waya, imewaka, na inalia kwa nguvu yake yote, ambayo ni ndogo mno. Alikusudia iwe ya kufanyia mazoezi. May akachomeka gitaa lake na busta, na kile kilichotoka hakikuwa gitaa tena. Kilikuwa na pumzi. Kilikuwa karibu na fidla, karibu na klarineti, kulingana na pikapu gani imewashwa na sarafu imeshikwaje. Tangu hapo kasha lile likaitwa Deacy, na likawa okestra yake.

Sikiliza "Good Company", katika albamu ya A Night at the Opera ya mwaka 1975. May anaimba, anapiga ukulele-banjo, ala ya jamii ya ile aliyofundishwa na baba yake utotoni, na kisha inaingia bendi ya jazi ya mtindo wa miaka ya 20: tarumbeta, klarineti, tromboni. Hakuna hata moja. Yote ni gitaa la meko kupitia Deacy. Alikuwa mpenzi wa Temperance Seven, kundi la Kiingereza lililofufua jazi hiyo, na alitaka kujua kama gitaa linaweza kuvaa mwili wa ala za kupuliza. Basi alichunguza mpulizaji hufanya nini: tromboni huteleza kabla ya kutua kwenye noti, klarineti huruka hatua ambazo mkono wa mpiga gitaa hauzizoei, kila mpulizaji huishiwa pumzi, lazima anyamaze. Vifungu vingine alivirekodi noti moja moja. Nimesikia watu wakisema ni mzaha mtamu. Mimi naona ni unyenyekevu mkubwa: mpiga solo maarufu amekaa siku nzima akijifunza tromboni hupumulia wapi, ili ajifiche ndani yake.

Ndiyo maana kwenye jalada la albamu ya kwanza ya Queen, mwaka 1973, waliandika kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza, na waliendelea kutoa tangazo la namna hiyo kwa miaka. Watu walikuwa hawaamini. "Procession", inayofungua Queen II, na "God Save the Queen", inayofunga A Night at the Opera, zinasikika kana kwamba kuna fidla na tarumbeta chumbani. "Killer Queen" ina mahali katikati ya solo ambapo magitaa matatu yanaachiana noti, moja inaanza kabla nyingine haijafa, mpaka kodi inajengeka hewani kama kengele zinazopigwa kwa zamu. Kila mlio umekaa pake. Nyuzi zilikuwa sawa, besi ilinyolewa, rangi zilitofautishwa kwa swichi, na mwanzo wa kila noti ulitamkwa.

Mtu aliyemsukuma May mbali zaidi alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara: ndiye Freddie Mercury. Familia yake iliondoka Zanzibar mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, ikahamia Uingereza na kupata nyumba Feltham, mwendo mfupi tu kutoka kwa kina May, wakati Harold na Brian wakiwa bado wamo ndani ya kazi yao. Vijana hao wawili hawakufahamiana mpaka miaka ya 60 ilipokuwa inakwisha. Freddie alitunga kwenye piano, na mtunzi wa piano hana huruma na mpiga gitaa: alipenda funguo za flati, ambazo kwenye gitaa hazina nyuzi wazi za kukuokoa wala vifungu ambavyo mkono umevizoea tangu ujana. May amesema mara nyingi kwamba hilo lilimtoa kwenye njia za kawaida.

"Bohemian Rhapsody" inaanza katika B flati, na solo inakaa katika E flati. Freddie aliacha nafasi kati ya sehemu ya taratibu na ile ya opera, na May hakutaka kuijaza kwa kurudia alichokwisha kuimba mwenzake. Alitaka wimbo mdogo mwingine, unaotokana na ule wa kwanza lakini wenye njia yake. Kwa hiyo aliutunga kichwani kwanza, akausikia wote, ndipo akautafuta kwenye nyuzi. Anaamini kwamba vidole vikiachwa viongoze hurudi kulekule vilikozoea. Lazima akili itangulie. Huo ndio ufundi wa solo ile fupi: hakuna kifungu ndani yake kinachopigwa kwa sababu mkono ulikuwa umepita hapo.

Na ni gitaa moja. Mtu ambaye katika albamu hiyohiyo alijenga bendi nzima ya jazi kwa noti moja moja, hapa, katika wimbo mkubwa kuliko zote walizofanya, amesimama peke yake. Kabla yake kuna sauti za waimbaji zilizorundikwa, na baada yake inakuja opera, sauti juu ya sauti, zilizorekodiwa mara nyingi mno mpaka tepu ikaanza kuchakaa. Angeweza kuongeza la pili na la tatu, na yangekaa vizuri. Tumeona kwamba milio yake haimezani. Aliacha moja, akalifungua sauti yote, likaimba vifungu vyake, likateremka kwa kasi, na piano ikadakia mara moja.